Namba za Marafa Zirudi Marafa



Tarehe 5 ya kila mwezi ni siku ya presha katika zahanati na vituo vya afya vya Kenya. Kufikia siku hiyo, hesabu za mwezi uliokwisha zinatakiwa ziwe zimefika ofisi ya afya ya kaunti ndogo: fomu ya MOH 705A ya watoto wa chini ya miaka mitano waliotibiwa na kurudi nyumbani, 705B ya waliovuka umri huo, 710 ya chanjo, 711 ya wajawazito na uzazi. Kufikia tarehe 15, kila namba iwe imeingia katika mfumo wa taifa. Pale Marafa, katika Magarini, ukishauvuka mto Sabaki na kuiacha bahari mgongoni, muuguzi aliyeshinda akipima homa na kudunga chanjo ndiye huyo huyo anayekaa jioni na madaftari kuhesabu vijistari, vitano vitano, hadi jumla ikubaliane na rejista.

Namba hizo hupanda. Hutoka Marafa zikaenda kaunti ndogo, zikaenda Kilifi mjini, zikaenda Nairobi, na nyingine zikafika Geneva. Ninalouliza leo ni hili: hushuka lini? Yule muuguzi aliyezihesabu, na yule mama aliyehesabiwa, huziona wapi?

Tukiulizwa hivyo, wengi wetu hukimbilia kutaja sheria, au bajeti, au seva. Mimi leo nawataja watu wengine kabisa, ambao hata siku ya uzinduzi hawaitwi jukwaani. Ni wale wanaojenga sehemu ya mfumo inayoonekana kwenye kioo na kuguswa kwa kidole, sehemu ambayo vijana wa kazi hiyo huiita frontiendi. Na zaidi namtaja yule anayewaongoza. Nasema huyo ndiye anayeamua kama mfumo wa kugawana data utagawana kweli, au utabaki ghala lenye jina zuri. Na kipimo cha kazi yake ni kimoja tu: aliyetoa namba, je, anaweza kuisoma?

Tuelewane kwanza juu ya kazi yenyewe. Mfumo wa wavuti una pande mbili. Nyuma kuna seva, hifadhidata, na kanuni za nani aruhusiwe kuona nini. Mbele kuna kurasa, fomu, vitufe, ramani na grafu. Ni kama duka la mtaani: stoo yaweza kujaa hadi paa, lakini mteja hununua alichokiona kwenye kaunta. Anayeongoza upande wa mbele ndiye anayepanga kaunta hiyo. Ndiye anayeamua ukurasa wa kwanza uanze na nini, lugha iwe ipi, ukurasa uwe mzito kiasi gani, na mtandao ukikatika mtumiaji aambiwe nini. Uamuzi kama huo haupitishwi bungeni wala hausomwi kwenye Gazeti Rasmi, lakini ndio unaomfungulia mtu au kumfungia.

Mfano tunao, tena wa humu nchini. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilisambaza nchi nzima mfumo uitwao DHIS2. Chimbuko lake ni mradi ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norway. Programu hiyo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya ilithubutu jambo ambalo wakati ule wengi walilihofia: badala ya kila wilaya kuwa na kompyuta yake yenye hifadhidata yake, ilichagua seva moja ya taifa, na wilaya zote ziingie kwa kivinjari, wengi wakitumia modemu za simu.

Ulikuwa uamuzi mzuri, ila modemu za mwaka 2011 sote twazikumbuka. Uko katikati ya fomu ndefu, netiweki inakata, ukurasa unatoweka na jasho lako linatoweka nalo. Ungeweza kununua seva kubwa mara kumi na tatizo hilo lisipungue hata chembe, kwa sababu halikuwa kwenye seva. Dawa yake ilipatikana upande wa mbele. Waundaji waliifanya fomu itumie kumbukumbu ya kivinjari chenyewe, uwezo uliokuja na HTML5, lugha ya kujengea kurasa za wavuti, na uliokuwa mgeni bado siku hizo. Mtandao ukikatika, juu ya ukurasa panatokea maneno ya kumwambia mtumiaji kuwa kazi yake inahifadhiwa hapo hapo kwenye kompyuta. Mtandao ukirudi, anaombwa aipandishe, naye anabonyeza mara moja.

Hebu tuitazame skrini hiyo kwa karibu. Karani anaandika 37 katika kisanduku cha malaria, kisha anasogea kwenye kisanduku kinachofuata. Kile alichokiacha kinageuka manjano kwa muda mfupi, halafu kijani. Manjano maana yake naipeleka. Kijani maana yake imefika. Hakuna kitufe cha kuhifadhi kinachongoja mwisho wa ukurasa huku moyo unadunda. Rangi mbili hizo zimeondoa hofu, na mtu asiye na hofu hujaza fomu kwa utulivu, akirudi kwenye rejista kuhakikisha. Mwenye hofu hukimbizana na netiweki, na namba za mbio hazifai kupangia dawa. Kiongozi mwangalifu angeongeza jambo moja dogo: alama ya vema kando ya rangi, kwa kuwa wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatofautishi rangi sawasawa.

Somo hilo limefika hadi kwenye simu. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya watu 100,000 nchi nzima, wanaopita nyumba kwa nyumba. Walipewa simu zenye mfumo wa eCHIS, uliojengwa juu ya programu huria iitwayo Community Health Toolkit. Ukiichungulia kwa ndani, ni programu ya wavuti inayobeba hifadhidata ndogo ndani ya simu yenyewe. Mhudumu anaweza kuzunguka vijiji vya ndani vya Magarini kutwa nzima bila netiweki, akaandika mjamzito wa nyumba hii na mtoto mwenye kikohozi wa nyumba ile, na jioni akifika penye mnara wa simu, kazi yake yote ikapanda yenyewe. Waliojenga hawakuuliza: mtandao ukikatika tufanyeje? Walianza na mtandao haupo, wakauhesabu kuwa ni mgeni anayekuja na kuondoka.

Lakini angalia, msikilizaji. Yote niliyoyasifu hadi hapa ni ya kuingiza. Tumekuwa mabingwa wa kurahisisha namba kupanda, na sababu iko wazi: aliye juu ndiye anayelipa, naye anataka ripoti. Skrini ya kuingiza hupewa muda, pesa na majaribio. Skrini ya kusoma, kwa yule aliye chini, huachwa mwisho, siku zimeisha na bajeti imeisha.

Na usidhani kinachomzuia huyo wa chini ni nywila ya kuingilia mfumo peke yake. Chukua Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Kila mwezi mamlaka hiyo hutoa taarifa ya hali ya ukame ya kaunti ya Kilifi. Haifichwi, yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua. Ndani yake mna mvua, hali ya malisho inayopimwa kwa setilaiti, umbali wa kwenda kutafuta maji, bei ya mbuzi na bei ya mahindi, na hatua ambayo kaunti imefikia: kawaida, tahadhari, au zaidi ya hapo. Ni kazi ya maana sana. Lakini ni faili la PDF, kurasa nyingi, kwa Kiingereza. Mfugaji wa Marafa ambaye mbuzi wake ndio waliotoa ile bei anataka mambo matatu tu: malisho yako vipi mwezi huu, bei imepanda au imeshuka, na je, auze sasa au angoje. Taarifa iko wazi, na bado haijamfikia.

Tuliwahi kuliona hilo kwa kiwango cha taifa. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, akiwa pamoja na Katibu Mkuu Bitange Ndemo aliyeisukuma sana. Kenya ilisifiwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Majedwali ya sensa, bajeti, shule na hospitali yakawekwa hadharani. Kipya kinyemi, wahenga wamesema, na miaka michache baadaye majedwali mengi yalikuwa yamekaa vilevile bila kusasishwa. Wizara hazikuwa na msukumo wa kuleta mapya. Lakini nauliza: msukumo ungetoka kwa nani? Mwananchi hulalamikia kilichochelewa pale tu anapokitumia. Na tovuti ile iliwafaa zaidi wanaojua kupakua jedwali na kulichambua: waandishi wa habari wachache, watafiti, vijana wa programu. Mtu wa kawaida hakuwa na lake pale, kwa hiyo majedwali yalipochakaa hakupiga kelele.

Linganisha na tovuti iitwayo Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alitoa wito, na yeye na wenzake, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman miongoni mwao, wakasimamisha tovuti kwa siku chache tu. Mbele yake palikuwa na ramani ya Kenya na alama. Unatuma ujumbe wa simu au unajaza fomu fupi: wapi, lini, nini kimetokea. Taarifa yako ikikubaliwa, unaiona pale pale kwenye ramani, pamoja na za wengine. Aliyetoa na aliyesoma walikuwa mtu mmoja. Programu hiyo ikaja kutumika hata Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Kilichoifikisha huko hakikuwa wingi wa data wala ukubwa wa seva. Ilikuwa ile ramani, ambayo mtu aliitazama mara moja akaelewa.

Hapa kwetu Kilifi neno kugawana data lina uzito wa pekee. Tuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 kinaendesha sajili ya watu katika eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya robo milioni ya wakaazi, ambao nyumba zao hutembelewa mara kwa mara kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Utafiti wa malaria na wa chanjo uliofanyika hapa umesaidia dunia nzima. Watafiti wa kituo hicho walifanya jambo la busara: walikwenda kuwauliza wananchi na wadau wengine wanaonaje data ya utafiti ikigawanywa kwa wanasayansi wa mbali, na mwaka 2015 wakachapisha walichosikia. Watu hawakukataa. Waliona faida yake. Walichotaka ni uaminifu, faragha, na waliotoa wasisahaulike wakati wa kuvuna.

Hilo la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Kutosahaulika hakuwezi kubaki sentensi ndani ya sera. Lazima kuwe na mahali, na mahali penyewe ni ukurasa ambao mtu wa Marafa ataufungua.

Sasa hapa kiongozi wa frontiendi anakutana na mtego. Ukifungua kila kitu, unaweza kumuumbua mtu. Tuseme ramani inaonyesha kijiji kimoja, mwezi mmoja, mgonjwa 1 wa kifua kikuu, mwanamume, umri kati ya miaka 15 na 24. Jina halikuandikwa, lakini kabla ya jua kutua kijiji kizima kimeshamjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka habari ya afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na ni haki. Kwa hiyo namba ndogo zifunikwe. Badala ya 1 au 2 iandikwe "wachache", au vijiji viunganishwe viwe eneo moja. Na si kufunika kwa rangi kwenye skrini huku namba halisi imeshatumwa kwenye kivinjari. Kijana yeyote anayejua kufungua vifaa vya ndani vya kivinjari ataisoma. Kufunika kufanyike nyuma, kwenye seva, kabla namba haijaondoka. Ndiyo maana nasema kiongozi wa upande wa mbele akae mezani tangu siku ya kwanza, data inapopangwa, wala asiitwe mwisho kuja kupaka rangi.

Basi tuujenge ukurasa wa Marafa kwa maneno, mimi na wewe. Unaanza kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza chenye kitufe cha kubadilisha lugha kilichojificha pembeni. Hauanzi na grafu. Unaanza na sentensi: mwezi uliopita, watoto kadhaa wa eneo hili walitakiwa kupata chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, kadhaa wamepata, kadhaa bado. Chini yake mwezi kwa mwezi, mistari michache. Kisha swali ambalo kila mzazi huuliza: nimpeleke wapi na lini? Kwa mzee asiyesoma, pawe na kitufe cha kusikiliza, na sauti iwe ya Kigiryama. Ukurasa wote uwe mwepesi, usile bando la mtu kwa picha ya waziri akikata utepe. Ujaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, kioo kimepasuka, jua la saa saba limewaka, na mkono mmoja umebeba mtoto.

Na uwe na kitufe cha kuchapisha karatasi moja, herufi kubwa, ibandikwe ukutani pa kituo cha afya na isomwe kwenye baraza ya chifu. Mbunifu wa mjini atacheka akisikia karatasi. Asicheke. Penye simu chache, ukuta nao ni skrini.

Na maneno ya makosa, tafadhali. Mtu akikwama asitupiwe namba ya kosa na Kiingereza cha kompyuta. Aambiwe: "Haijatumwa bado. Imehifadhiwa kwenye simu yako, itakwenda mtandao ukirudi." Kuandika sentensi hiyo hakugharimu chochote, ila kunataka mtu aliyeamua kumheshimu mtumiaji.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kuwa hayo ni mapambo, kwanza tupate data safi. Nami najibu: data husafishwa na anayeisoma. Muuguzi akiona kwenye skrini kuwa kituo chake kimeandikiwa sifuri ya chanjo mwezi ambao alichanja hadi mkono ukafa ganzi, atapiga simu siku hiyo hiyo. Asipoiona, sifuri hiyo itaishi milele, na mwaka ujao itapunguza mgao wa chanjo.

Litasemwa pia kuwa hatuna watu wa kazi hiyo. Tunao. Waandaaji wa programu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitengeneza ndani ya DHIS2 kadi za alama, zenye kijani, manjano na nyekundu, za kumwezesha msimamizi kuona kwa mara moja wapi pamelegea, na kazi yao imevuka mipaka ya Tanzania. Hapa Pwani tuna vijana wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na wa kituo cha Swahilipot pale Mombasa. Wanachokosa ni wa kuwaambia kuwa mtumiaji wao anaishi Marafa.

Katiba yetu, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaiwekea njia. Haki hiyo haitimii kwa faili kukaa kwenye seva. Ndiyo maana natoa pendekezo langu kwa kaunti ya Kilifi na kwa kila mfadhili anayelipia mfumo wa data: mkataba useme kwamba mfumo utapokelewa Marafa, usipokelewe katika ukumbi wa hoteli. Achukuliwe muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii na mzee wa kijiji. Wapewe anwani ya ukurasa, waufungue kwa simu zao wenyewe, bila kufundishwa, na kila mmoja atafute namba moja ya mahali pake na aieleze kwa maneno yake. Wakiweza, mkandarasi alipwe fungu la mwisho. Wasipoweza, arudi akajenge upya.

Na wewe msikilizaji, siku nyingine ukihesabiwa, wewe au mtoto wako au mbuzi wako, muulize anayekuhesabu: namba hii nitaisoma wapi, na kwa lugha gani? Akikosa jibu, mwambie akamuulize aliyejenga skrini.